Siku 5 Dar es Salaam na batoto batatu na nkambo: tuweke nini, tuache nini?

Mama Mapasa (Lubumbashi, Kampemba)

Jambo bandugu na badada. Minaomba mashauri kwa bale banajua Dar es Salaam, si ya kusikia sikia, ya kufika na miguu.

Bwana yangu anatumika ku mine upande wa Kolwezi, anafanya wiki mingi kule kiisha anapata konje. Mwezi wa saba batamupa siku saba, masomo itakuwa imefungwa, na siye tangu tulioana hatuyatokaka wote pamoja hata mara moja, paka matanga na ndoa. Nilikula likelemba (ile feza tunachanga kwa zamu) mwezi wa tatu nikakimbia kulipa tike za ndege mbele makuta haijapata kazi ingine. Kwa hiyo tike iko. Ukitosha siku ya kwenda na ya kurudi inabaki siku 5 nzima.

Tuko watu sita: mimi, bwana, mapasa (Mbuyi na Kabanga, miaka 9), kadogo wa miaka 4, na nkambo, mama wa bwana yangu. Nkambo ana miaka 68 na goti moja inamusumbua, kupanda ngazi ni shida, lakini kubakia ku nyumba amekatala, anasema hawezi kufa mbele ya kuona kama ni kweli bahari haina mwisho. Batoto nao bahari balisoma mu jeografi tu, mayi mingi baliona ni ya Kipopo, hapa pembeni ya Lubumbashi. Siku ingine Kabanga aliniuliza kama bahari iko na upande ingine, nikamwambia iko, ng'ambo kule kuko Bahindi, akaniuliza kama usiku unaonaka mataa yao.

Inabaki dola 1,300 ya kulala, kula na transpori. Liste yangu ni hii: Zanzibar siku mbili, Kariakoo (dada yangu anataka mashuka, jirani anataka viatu, shemeji anataka kitu ya foni), Bagamoyo, treni ya umeme mpaka Morogoro kiisha Mikumi kuona banyama, kisiwa ya Mbudya, na muze (makumbusho). Bwana yangu aliangalia liste akaniuliza, "hii ni konje ao ni shifti ya pili?"

Sasa: tulale quartier gani? Zanzibar inawezekana? Mwezi wa saba mvua iko? Na Kiswahili yetu batasikia kweli ama batatucheka?

Papa Ruashi

Mama Mapasa, bahari yetu mbona hamuitaki? Congo iko na pwani pale Muanda, kilomita kama 40, si kubwa lakini ni yetu. Feza mnaipelekea Batanzania bure.

Mama Mapasa (Lubumbashi, Kampemba)

Papa Ruashi, nilifikiria. Ndege mpaka Kinshasa, kiisha barabara Matadi, Boma, ndiyo Muanda. Watu sita. Tike ya Kinshasa wewe mwenyewe unaijua bei. Siku utaendesha weye gari, tutakuja.

Mama Biashara Kenya (Kenya ya commune ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi)

Mama Mapasa miye ninaenda Dar mara tatu nne kwa mwaka kuchukua vitu, acha nikuambie ukweli hata kama utanikasirikia, ile liste ya dada na jirani na shemeji njo itakula konje yenu, si Zanzibar. Kariakoo haina soko moja, ni mitaa mingi, duka juu ya duka, unapanda gorofa ya tatu kutafuta viatu namba 38, mwenye duka anakwambia ngoja kijana alete kutoka stoo, kijana anapotea nusu saa, jua linakupiga, mikokoteni inapiga kelele pembeni ya sikio, na weye uko na kadogo wa miaka 4 mkononi? Hapana mama. Kariakoo enda asubuhi moja tu, mapema, weye na bwana yako, batoto babaki na nkambo. Jumamosi usijaribu. Na kila mtu mwenye alikutuma kitu mwambie atume feza mbele, utaona liste inapungua yenyewe.

Bacommerçant wengi wa kwetu tunalala Kariakoo palepale juu ni karibu na kazi, unashuka tu unaanza kununua. Kwa vakansi haifai. Usiku kelele, dirisha inaangalia ukuta, na bahari hutaiona hata rangi yake.

Kitu ingine, angalia sana jina ya quartier. Mara yangu ya kwanza nilienda na barabara, Kasumbalesa, Zambia yote, Nakonde na Tunduma pale malori inapanga mustari mpaka unachoka kuhesabu, karibu kilomita 2,000, siku tatu, miguu ilivimba kama mikate. Bis ikatushusha usiku ku gare kubwa ya Mbezi. Otele yangu nayo ilikuwa Mbezi. Nikasema Mungu asifiwe, nimefika, hata taksi sitalipa mingi. Nikamwonyesha kijana wa bajaji karatasi, akaisoma, akanitazama na yale mabalo yangu mawili, ananiambia "mama, hii ni Mbezi Beach, hapa uko Mbezi Luis". Kumbe ziko Mbezi mbili! Moja iko ku barabara ya Morogoro, ingine ku barabara ya Bagamoyo kule ku bahari, na katikati yao kuko jiji zima. Nilifika saa saba ya usiku, mlinzi amelala, nikalala pa kiti ya mapokezi na viatu yangu chini ya kichwa.

Feza: beba dola safi, kama vile siye wenyewe tunavyokatalaka ile yenye kupasuka hata milimeta, kule pia bako vile. Noti ya 100 wanakupa bei nzuri kupita noti ndogo. Tangu 2025 serikali yao ilikataza kuuza vitu kwa feza ya kigeni, kwa hiyo ukifika badilisha kidogo ku banki ao ku duka ya kubadilisha, lipa shilingi. Mara ya mwisho dola moja ilikuwa inacheza pale pa 2,500. Batoto batafurahi, batajiona mamilionea.

Mushi wa Dar

Karibuni sana. Mimi ni Mushi, yaani wa kabila la Bashi, wa Walungu, Kivu ya Kusini, Bukavu nilisomea, sasa niko Dar mwaka wa kumi na moja. Watu hapa wakisikia Mushi wananiuliza Moshi ama Rombo, wanadhani ni Mchaga, nimechoka kueleza, siku zingine nasema tu Rombo na maisha yanaendelea.

Nianze na lugha. Mama, watawasikia vizuri kabisa, na watafurahi, Wabongo wanapenda jinsi tunavyoongea. Ila kuna maneno yatakutia aibu. Baba Mapasa asije akasema mapokezini "niko na bibi yangu". Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nilikuja na mke wangu, nikamwambia dada wa mapokezi "nipe chumba kimoja, kitanda kimoja, niko na bibi yangu". Dada akaangalia nyuma yangu akitafuta kizee. Akaona msichana wa miaka 24. Akaandika vyumba viwili. Hapa bibi ni nkambo, yule uliyemuoa ni mke. Na ukitaka sombe uliza kisamvu, bukari ni ugali, hiyo haina shida, mahindi ni yaleyale. Halafu saa: huko kwenu mmezoea kutaja saa kwa Kifaransa, hapa mtu akikwambia gari inaondoka saa mbili asubuhi anamaanisha ile 8 ya kwenye foni. Na mnapoteza saa moja mkitua, Dar iko mbele ya Lubumbashi.

Pa kulala. Kwa familia na mzee mwenye goti, tafuta upande wa bahari moja kwa moja na ukae hapohapo siku zote, usihame hame. Kuna Mbezi Beach na Kunduchi upande wa kaskazini (ile Mbezi ya bahari, Mama Biashara kaeleza vizuri), na kuna Kigamboni ng'ambo ya mlango wa bandari, unavuka kwa pantoni pale Kivukoni ama kwa daraja lililofunguliwa 2016. Kigamboni ni kutulivu, Mjimwema kuna fukwe nzuri, lakini kila ukitaka kuja mjini ni kuvuka. Nyumba ya vyumba viwili vitatu yenye jiko, ukitafuta mapema na kubishana kidogo, unaweza kupata kwa laki moja na nusu mpaka laki mbili na nusu kwa usiku. Omba chini, siyo ghorofani. Uliza maswali mawili kabla ya kutuma hata shilingi: kuna ngazi ngapi kutoka chumbani mpaka mchangani, na mbele ya nyumba watu wanaogelea ama wanaangalia tu? Kuna sehemu zimeandikwa ufukweni, ukifika kuna ukuta wa mawe na maji yanapiga chini mita mbili.

Sasa kitu ambacho sisi watu wa maziwa hatukijui. Kivu haiendi popote. Unaamka iko pale, unalala iko pale. Bahari inaondoka! Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpya ama mpevu ndiyo bamvua, tofauti ya maji juu na chini inapita mita 3. Kwa hiyo unaweza kufika Kunduchi saa nne asubuhi na batoto wamevaa nguo za kuogelea, ukakuta matope, majani, ngalawa zimelala ubavu, na maji yako kule mbali kama yanakukimbia. Rudi saa kumi, maji yako miguuni pako. Uliza mvuvi yeyote, "maji yanajaa saa ngapi leo?", atakujibu bila hata kuangalia simu. Mtoto wa dada yangu alikuja toka Bukavu, akavua sapato zake akazipanga vizuri mchangani kama mlangoni kwa bibi yake, akaenda kucheza mpira. Kurudi, sapato moja inaelea, nyingine imekwenda kwa hao Wahindi wa Kabanga.

Mwezi wa saba mvua siyo shida, masika inaisha mwezi wa tano. Kuna ubaridi kidogo kwetu sisi wa hapa, lakini ninyi mnaotoka kwenye baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba mtaona ni joto, hayo majaketi mtayabeba mkononi. Shida ni upepo wa kusi. Unavuma miezi hiyo, mchana bahari inachafuka. Kwa hiyo Mbudya nendeni asubuhi, boti zinatoka huku huku Kunduchi, kisiwa ni hifadhi ya bahari kuna kiingilio, maji yake ni ya kijani safi na mchanga mweupe, kuna vibanda vya makuti vya kujikinga jua na samaki wa kukaanga. Maji ya kunywa bebeni. Lakini nkambo, sijui. Boti haina daraja, unaingia ndani ya maji mpaka magotini halafu unajiinua kuingia. Wakati wa kurudi mawimbi yakiwa makubwa hata mimi najishika na mikono miwili.

Zanzibar kwa siku 5 na batoto na mzee mimi singeenda. Nasema hivi nikiwa naipenda. Meli ya kasi ni kama masaa mawili, lakini kufika bandarini mapema, foleni, paspoti mnaonyesha tena mkifika, kutafuta gari, na kusi hiyo, nimeona watu wazima wamekumbatia vimfuko. Unakula siku mbili ili uone siku moja.

Mnafika tarehe ngapi? Kama ni mwanzo wa mwezi kuna maonesho ya Sabasaba, tarehe 7 ni sikukuu, mji unajaa.

Kijana wa Golf

Samahani wakubwa lakini kwenda Dar bila kufika Zanzibar ni kama kwenda Likasi kuangalia gare. Tulienda na beste zangu tukalala Nungwi siku tatu, ile mayi hata foto haiwezi kueleza. Mama Mapasa usisikilize waoga, chukua ndege ndogo, dakika 20 umefika.

Mama Biashara Kenya

Kijana wa Golf, mulikuwa bangapi? Na nani alikuwa na goti? Ndege ndogo mara watu sita, kwenda na kurudi, ile dola 1,300 inabakia ya kununua nini, maandazi? Oa kwanza, kiisha uje utupatie mashauri ya vakansi.

Kijana wa Golf

Sawa mama 😂 nimenyamaza. Lakini hata hivyo Nungwi ni muzuri.

Infirmière Katuba

Mama Mapasa, umeandika byote ila karatasi hukusema. Karte jone, ile ya vaksini ya homa ya manjano, kila mtu awe na yake, hata kadogo, juu kutoka kwetu Tanzania wanaiomba kuanzia mtoto wa mwaka moja. Vaksini inaanza kuhesabiwa siku 10 nyuma ya kuchomwa, kwa hiyo ukingoja wiki ya safari umechelewa. Kama nkambo alichomwa zamani na karte yake iko muzuri, asichomwe tena, tangu 2016 inafaa maisha yote, na ku umri wake daktari anapashwa kumwona mbele ya kumuchoma. Usinunue ile karatasi ya barabarani bila sindano, ninaona watu banafanya vile, ni ujinga, hiyo ugonjwa haisomi karatasi.

Batoto kila moja na paseporti yake. Mambo ya viza uliza konsila ya Tanzania hapa hapa Lubumbashi, usijitegemee maneno ya "tuko mu EAC tangu 2022, unapita tu". Sheria inabadilika na yule wa ku mpaka anafuata ile iko mbele yake, si ile uliyosoma ku grupu. Na moustiquaire: palu (malaria) ya pwani si ndogo. Omba chumba yenye chandarua, mupake batoto dawa ya mbu jioni, na mukirudi mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili tatu usiseme ni uchovu wa safari, mupimishe.

Na mifuko ya plastiki musibebe, kule imekatazwa tangu 2019. Binamu yangu alifunga vitumbua bya safari mu sashe nne, balimutosha byote pale pale ku meza, akaingia Tanzania na vitumbua mu kitambaa ya kichwa.

Mwalimu Mstaafu (Lubumbashi)

Mama Mapasa, mimi ningekuomba uiache Zanzibar na uishike Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 kaskazini ya Dar, na ukikaa Mbezi Beach au Kunduchi tayari uko upande wake, huvuki jiji. Gari moja la kukodi linawabeba wote sita, nkambo anakaa mbele.

Nitakwambia kwa nini. Waulize mapasa: Kiswahili hiki tunachoongea Katanga kilitoka wapi? Watasema ku masomo. Sasa Bunkeya wanaijua, si mbali na kwetu. Msiri alikuja kutoka upande wa Tabora, kwa Wanyamwezi, akajenga ufalme wake pale Bunkeya, na misafara yake ikapeleka shaba na pembe mpaka ku bahari, na watu pia, hilo tusilifiche. Njia kubwa ya misafara ya bara ilimalizikia Bagamoyo. Mtu alitoka huku kwetu na jino la tembo begani, miezi na miezi, na pale ndipo alipoona hayo mayi nkambo anayotaka kuyaona. Lugha nayo ilirudi na njia ile ile. Msiri aliuawa Desemba 1891, watu wa kapiteni Stairs walipokuja kumlazimisha bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji.

Pale Bagamoyo kuna misioni ya Wakatoliki ya 1868 na makumbusho yake, kuna mti wa mbuyu mkubwa, kuna kanisa dogo ambapo mwili wa Livingstone, yule mzungu mpelelezi, uliwekwa mwaka 1874 ukingoja meli, baada ya watu wake kuubeba kutoka karibu na Bangweulu, na Bangweulu hiyo iko hapo kwa jirani zetu Zambia. Uwanja wa misioni ni tambarare, hakuna ngazi za kutisha. Mjini Dar makumbusho ya taifa nayo si mbaya, wana lile fuvu la kale la Olduvai lililopatikana 1959, lakini kwa mtoto wa miaka 9 fuvu ni dakika kumi.

Treni mpya ni nzuri, inaenda Morogoro tangu mwezi wa sita 2024, ila Mikumi iko mbali zaidi ya Morogoro, si ya kwenda na kurudi siku moja na kadogo. Nilivyo mtu wa reli nilitaka kukwambia urudi na treni ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, lakini ratiba yake hata ikisema siku mbili, wanaoijua wanacheka. Bwana yako atakuta kazi amepewa mwingine.

Mama Mapasa (Lubumbashi, Kampemba)

Aksanti sana, yaani minasoma na kucheka na kuandika mu kaye. Hii ya Bunkeya nilimusomea nkambo kwa sauti, akanyamaza, kiisha akasema babu yake alikuwaka anataja neno "mrima" na siye hatukujua ni nini. Mwalimu, unaijua?

Baba Mapasa alisoma ile ya bibi akacheka mpaka kazini, sasa kila siku ananitumia mesaji "mke wangu" kwa kujizoeza.

Zanzibar nimefuta. Iliniuma lakini nimefuta. Mikumi nayo. Dada na jirani niliwaambia batume feza mbele, dada alituma, jirani mpaka leo yuko anatafuta simu yake. Tunafika tarehe 14, kwa hiyo Sabasaba itakuwa imeisha.

Mushi, nimepata nyumba Kunduchi, iko chini, niliuliza ngazi akaniambia tatu, nikaomba anipigie foto, kumbe ni sita 😅 lakini fupi fupi na kuko chuma ya kushika. Siku ya kwanza tutakaa tu. Bwana anasema yeye anataka siku moja ya kulala mchana bila redio ya kazi kuita jina lake. Mbudya nitaenda na mapasa, yeye atabaki na nkambo na kadogo. Swali: nkambo ataona nini ya bahari kama hawezi kupanda boti?

Mwalimu Mstaafu (Lubumbashi)

Mrima ni pwani ile ile, bara iliyo mbele ya Zanzibar, Bagamoyo ikiwa ndani yake. Mwambie nkambo kwamba babu yake alijua alichokuwa anasema. Na kama anakumbuka neno jingine aliloacha, liandike kwenye kaye hiyo hiyo kabla ya ndege.

Mushi wa Dar

Mama, nkambo ndiye ataona vizuri kuliko wote. Saa kumi na moja jioni mweke kwenye kiti cha plastiki pale maji yanapoishia, maji yakiwa yanajaa. Mwache akae, yatamfuata yenyewe mpaka kwenye vidole. Mama yangu nilimfanyia hivyo alipokuja toka Walungu. Alikuwa anainua miguu kila wimbi likija, anacheka peke yake, halafu akaacha kuinua.

Jioni moja pia wapeleke Coco Beach, siyo kuogelea, kuna mawe, ni kula mihogo ya kukaanga na pilipili na mishikaki, watu wanapita, batoto wanakimbia. Siyo Jumapili, Jumapili ni mji mzima. Na mabasi ya mwendokasi wapandishe kidogo mchana, siyo asubuhi wala jioni wakati watu wanaingilia madirishani.

Mama Mapasa (Lubumbashi, Kampemba)

Nimelia kidogo hapa ku ile ya kiti ya plastiki, usiniulize.

Ya mwisho kabisa. Nkambo anataka kurudi na mayi ya bahari mu bidon, ya kunawa goti. Litre tano. Minamwambia haiwezekani mu ndege, anasema Mungu ni mukubwa. Inawezekana?

Infirmière Katuba

Goti haitapona na chumvi mama, lakini haitamufanya kitu mubaya pia, mradi asiinywe. Litre tano ni kilo tano, hesabu valizi.

Mama Biashara Kenya

Ile ya mkononi batakutosha mara moja, mayi haipite. Weka mu valizi kubwa yenye inaingia chini ya ndege, mu chupa ndogo ndogo tatu ao ine, usijaze mpaka juu, funga kifuniko na skochi, kiisha kila chupa mu nguo chafu. Yangu niliijaza mpaka mdomoni nikaiweka pembeni ya mashuka ya klienti. Nilifungua valizi hapa Kenya, harufu ya samaki, mashuka kumi na mbili nikayauza kwa bei ya hasara.

Mama Mapasa (Lubumbashi, Kampemba)

Chupa tatu. Na mashuka ya dada yangu yatakaa mu valizi ya bwana.